Wana wanne, darasa moja: kufundisha maandiko ya Kiyahudi kwa wanafunzi wasiolingana

SWALI: Mwalimu wa sekondari kutoka eneo la Mbale, mashariki mwa Uganda, ameniandikia hivi: "Muhula ujao nimepewa kipindi cha maandiko na desturi za Kiyahudi. Nina wanafunzi 34. Wachache ni wa Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa hapa Uganda, na wanaweza kusoma Kiebrania cha sala. Wengi ni Wakristo. Kadhaa ni Waislamu. Wawili wanasoma kwa shida kubwa katika lugha yoyote, na mmoja hasikii vizuri. Nikifundisha kwa kiwango cha wanaojua, wengine wanaachwa; nikishusha, wanaojua wanachoka na maandiko yanageuka hadithi za watoto wadogo. Nianzie wapi?"

JIBU:

Ndugu Mwalimu,

Swali lako ni la zamani kuliko shule zetu zote, na ninafurahi kukuambia kwamba maandiko unayotaka kuyafundisha yamelijadili kwa kina. Kwa hiyo sitakuletea mbinu kutoka nje ili uipachike juu ya Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa mijadala ya wahenga wa Kiyahudi. Ningependa uone jinsi maandiko yenyewe yalivyopangwa kwa ajili ya meza iliyokaliwa na watu wasiolingana, kisha uone pia kwamba kosa letu walimu ni kutafuta kiwango cha katikati, ambacho mwishowe hakimfai mtu yeyote.

Kwanza nikuonye juu ya njia ambayo huenda imeshakujia akilini, kwa sababu niliwahi kuipita mwenyewe. Nikiwa bado mgeni katika kazi hii niligawa darasa langu makundi matatu: waliojua Kiebrania niliwapa ukurasa wa Talmudi, wa katikati niliwapa muhtasari, na wenye shida ya kusoma niliwapa picha za kupaka rangi. Baada ya wiki tatu kijana mmoja wa kundi la picha aliniuliza kwa heshima kabisa, "Mwalimu, wenzetu kule wanabishana kuhusu nini?" Alikuwa ameketi hatua nne tu kutoka kwenye mjadala mzuri kuliko yote niliyowahi kuiongoza, na mimi ndiye niliyemfungia nje. Tangu siku ile nimeshika kanuni moja. Andiko liwe moja kwa wote, tena fupi. Milango ya kuliingia ndiyo iwe mingi.

Andiko la kuanzia liwe Hagada, kitabu kinachosomwa nyumbani usiku wa Sederi, Pasaka ya Kiyahudi inapoingia, familia ikiwa mezani na matsa, ule mkate usiotiwa chachu, pamoja na mboga chungu. Humo mna kifungu kifupi cha wana wanne: mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na yule asiyejua kuuliza. Kifungu hicho kina chimbuko lake katika Torati, ambayo mara nne inamtaka mzazi amsimulie mwanawe habari ya kutoka Misri: Kutoka 12:26, 13:8 na 13:14, na Kumbukumbu la Torati 6:20. Kila mahali maneno ya mtoto na jibu la mzazi yanabadilika, na katika Kutoka 13:8 hakuna swali kabisa, kuna jibu tu. Wahenga wa Kiyahudi hawakuona hapo maneno yaliyorudiwa bure. Waliona watoto wanne. Tofauti ndogo ndani ya andiko waliisoma kuwa tofauti ya watu walioketi mezani, na hilo pekee lingetosha kuwa somo lako la kwanza.

Mishna, mkusanyo wa sheria za wahenga ambao Talmudi inaujadili, iliyokusanywa karibu mwaka 200 BK, inaeleza katika kitabu cha Pesahim, sura ya 10, kwamba kikombe cha pili cha divai kinapomiminwa mwana humwuliza baba yake, na kama mwana hana uelewa, baba humfundisha kuuliza. Kisha yanafuata maneno ambayo ningekuomba uyaandike juu kabisa ya ubao wako: kwa kadiri ya akili ya mwana, ndivyo baba yake anavyomfundisha. Talmudi ikaongeza kwamba kama mwana hana hekima ya kuuliza, mke ndiye aulize. Kama sivyo, mtu ajiulize mwenyewe. Na hata wanazuoni wawili wanaozijua sheria zote za Pasaka wana wajibu wa kuulizana. Wasiwasi wako kwamba wanaojua watachoka umejibiwa hapo, kwa maana mjuzi hasamehewi swali la msingi, bali anaketishwa mbele ya mjuzi mwenzake ili alijibu upya.

Wahenga walifanya hata vituko ili swali lizaliwe. Watoto waligawiwa karanga na bisi za nafaka mchana kabla ya Sederi wasije wakasinzia, na meza iliondolewa kabla ya chakula. Talmudi inasimulia kwamba Abaye, aliyelelewa na Rabba, alipoona meza inaondolewa alishangaa: hatujala bado, mnaondoaje meza? Rabba akamwambia, umetuondolea haja ya kuanza na yale maswali ya kawaida. Nawe basi, siku ya kwanza usiingie na historia ya Wayahudi kuanzia Abrahamu. Ingia, geuza meza yako ielekee ukutani, weka juu yake kipande cha mkate bapa na mboga ya majani machungu, ukae kimya. Swali la kwanza litakalotoka, hata likiwa "Mwalimu, umepatwa na nini?", liandike ubaoni kwa heshima ile ile ambayo Rabba alimpa Abaye.

Halafu wagawie kile kifungu cha wana wanne, mistari isiyozidi kumi, Kiebrania upande mmoja na lugha mnayoelewana darasani upande wa pili, na wakae wawili wawili. Mtindo huu unaitwa havruta, neno la Kiaramu lenye maana ya urafiki au usuhuba, na ndio mtindo wa kusoma uliozoeleka katika nyumba za mafunzo za Kiyahudi hadi leo: wawili, andiko moja, kwa sauti, huku wakibishana. Kanuni ya jozi iwe nyepesi: mmoja asome mstari, mwenzake aseme kwa maneno yake kilichosemwa na aulize jambo moja, halafu wabadilishane zamu. Mwanafunzi wako anayesoma kwa shida atasomewa na mwenzake, lakini kuuliza hakuhitaji herufi, na mara nyingi nimeona swali la mtu wa namna hiyo likiwa ndilo lililowakwamua wote. Katika Talmudi, Bava Batra 21a, mhenga aitwaye Rav alimwagiza mwalimu wa watoto Shmuel bar Shelat jambo ambalo mimi nimelibandika ukutani kwangu: mwenye kusoma, asome, asiyesoma, awe mwenzi wa mwenzake. Hakusema afukuzwe wala atengwe. Ukurasa huo huo unaweka watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na wakifika 40 apewe msaidizi, kwa hiyo darasa lako la 34 liko mahali ambapo si vibaya kumwendea mkuu wa shule ukiwa na hoja ya wahenga mkononi.

Nani akae na nani? Usimfanye Myahudi mwalimu wa wenzake, wala usimgeuze msemaji wa Wayahudi wote duniani. Anayejua kusoma Kiebrania cha sala kwa ufasaha si lazima aelewe anachosoma, na kumtarajia hivyo mbele za watu kunamtia aibu. Mtafutie anayeweza kumpinga. Mhenga Resh Lakish alipofariki, wahenga walimpelekea Rabi Yohanan, aliyekuwa mwenziwe wa masomo, mwanazuoni mwingine wa kukaa naye, Rabi Elazar ben Pedat, na kila Yohanan alipotamka jambo, huyu alimwambia kuna mapokeo yanayokuunga mkono. Yohanan alihuzunika mno. Alisema kwamba mwana wa Lakish, yaani Resh Lakish, alikuwa akimletea pingamizi 24 naye akitoa majibu 24, na hivyo elimu ikapanuka. Kwa hiyo mwanafunzi wako Mwislamu atakaposema kwamba kwao wengi husimulia kuwa mwana aliyepelekwa kuchinjwa ni Ismaili na si Isaka, usiharakishe kumnyamazisha kwa ajili ya amani. Mwombe mwenzake arudi Mwanzo 22 aonyeshe andiko hilo linasema nini hasa, maana kipindi hiki ni cha maandiko ya Kiyahudi, kisha wote wawili waandike tofauti waliyoiona.

Sasa tuingie ndani ya kifungu chenyewe. Mwenye hekima anauliza kuhusu amri ambazo Mungu "amewaagiza ninyi". Mwovu anauliza, utumishi huu una maana gani "kwenu ninyi", na Hagada inamshutumu kwamba amejitoa katika jamaa kwa kusema "kwenu" badala ya "kwetu". Lakini wote wawili wamesema "ninyi"! Acha jozi zako ziligundue hilo zenyewe, na uangalie tafsiri unayowapa, kwa sababu kiambishi chetu -wa- kinaweza kubeba "ninyi" na kinaweza kubeba "wao", hivyo msomaji wa Kiswahili asipoandikiwa "ninyi" waziwazi atapita juu ya fumbo hilo bila kuliona. Wanaojua zaidi waongezee kwamba katika Talmudi ya Yerusalemu, ambayo ni mkusanyo tofauti na ile Talmudi ya Babeli ninayoiita Talmudi tu, mwenye hekima anasema "ametuagiza sisi", na wajadili ipi kati ya hizo mbili ni ngumu zaidi kuieleza na kwa nini.

Jibu analopewa mwovu linaanza kwa maneno makali, hakhe et shinav. Wafasiri wa lugha nyingine wamehangaika nayo, hata wengine wakamvunja mtoto meno. Kiswahili kina maneno yake tayari: mtie ganzi meno. Kitenzi hicho ndicho kilichomo katika methali iliyoko Ezekieli 18:2 na Yeremia 31:29, kwamba akina baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Kila mtoto aliyewahi kula embe bichi anajua hali hiyo: hakuna damu, hakuna jino lililong'oka, lakini kwa muda huwezi kutafuna. Na kumbuka kwamba Ezekieli anaitaja methali ile ili kuikataa, akisema kila mtu atabeba dhambi yake mwenyewe. Waulize basi wanafunzi: zabibu kali katika meza hii alikula nani, mwana au baba? Nimeona wasichana wa miaka 15 wakijadili swali hilo kwa saa nzima, Mkristo mwenye Biblia yake ya Kiswahili akiwa ndiye aliyelikumbuka andiko la Ezekieli na Myahudi akiwa ndiye aliyeitetea Hagada.

Kuna jambo moja zaidi hapo, nami ninalipenda kuliko yote. Mwovu na yule asiyejua kuuliza wanajibiwa kwa aya ile ile moja, Kutoka 13:8. Kwa mmoja inasomwa kwa ukali, kwa mwingine inasomwa kwa upole, na neno halikupunguzwa. Hiyo ndiyo kazi yako ya muhula mzima, Mwalimu, imeandikwa katika mistari michache.

Kuhusu mnyofu, tafadhali usikubali tafsiri zinazomwita mjinga. Neno lake ni tam, lile lile ambalo Mwanzo 25:27 inamweleza nalo Yakobo na Ayubu 1:1 inamsifu nalo Ayubu. Ni kweli kwamba Talmudi ya Yerusalemu inamwita mpumbavu, lakini ona inavyomjibu: sheria ya afikomani, yaani kwamba baada ya sadaka ya Pasaka hakufuati kitindamlo, ambayo katika Hagada yetu hupewa mwenye hekima, pale anapewa yeye. Aliyeitwa mpumbavu alifundishwa somo gumu. Mwalimu anayeshawishika kuweka orodha ya "dhaifu" na "hodari" mwanzoni mwa muhula na aisome sehemu hiyo kwanza.

Nimekaa sana juu ya Hagada kwa makusudi, kwa sababu ukiufundisha ukurasa mmoja hivi, unaosalia utakuwa mwepesi. Niseme sasa juu ya wale watatu uliowataja mahsusi.

Kwa asiyesikia vizuri, tatizo ni havruta yenyewe: jozi 17 zikisema kwa sauti katika chumba kimoja, hatapata neno. Mpe yeye na mwenzake kona ya barazani, waketi uso kwa uso mwangani, na wakati wa mjadala wa wote yarudie maneno ya kila anayechangia ukiwa umemwelekea. Sheria za kale za Kiyahudi ziliwaweka viziwi mabubu pamoja na watu wasio na ufahamu, na si vema kulificha hilo. Lakini katika Hagiga 3a Talmudi yenyewe inasimulia juu ya mabubu wawili waliokuwa jirani na Rabi Yehuda Mkuu, ambao kila alipoingia nyumba ya mafunzo waliingia wakaketi, wakitikisa vichwa na kuchezesha midomo. Rabi aliwaombea rehema, wakapona, ikaonekana kwamba walikuwa wameijua Mishna na Talmudi yote. Walikuwa wamejifunza miaka yote hiyo mbele ya watu wasiojua kama wanajifunza. Soma kisa hicho na darasa zima, bila kumtazama mtu.

Kwa wawili wanaosoma kwa shida, utaambiwa dawa ni kurudia, na utatajiwa Rabi Preida wa Talmudi, Eruvin 54b, aliyemfundisha mwanafunzi wake kila somo mara 400. Kisa hicho mara nyingi kinasimuliwa nusu. Siku moja Rabi Preida aliitwa kwenda kutimiza wajibu fulani baada ya somo, na mwanafunzi, licha ya mara zote 400, hakuelewa. Mwalimu hakumkaripia wala hakuhitimisha kwamba kijana hafundishiki. Alimwuliza, leo kuna tofauti gani? Kijana akajibu kwamba tangu aliposikia mwalimu anahitajika, moyo wake haukutulia, kila dakika aliwaza kwamba sasa mwalimu atasimama aondoke. Rabi Preida akamwambia atulize moyo, akamfundisha tena mara 400. Mimi naona kiini cha kisa kiko katika lile swali la katikati. Kabla ya kurudia somo kwa mara ya pili, kaa na kila mmoja wa hao wawili ukamwulize anaposoma ni nini kinachomkwamisha. Mmoja huenda akakwambia mistari inaruka machoni, mwingine kwamba anaogopa kuchekwa. Kwa wa kwanza chapa herufi kubwa, mistari michache, nafasi pana. Kwa wa pili, usimwite asome mbele za watu asipojitolea. Mhenga Hillel alisema katika Avot 2:5, kitabu kimoja cha Mishna, kwamba mwenye haya hajifunzi na mkali hafundishi. Ukali wa pili ndio unaozaa haya ya kwanza.

Lugha nayo itakusaidia kuliko unavyodhani. Kiswahili kimechota Kiarabu, na Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania, kwa hiyo wanafunzi wako tayari wanajua Kiebrania kidogo bila kuambiwa. Waandikie sita, saba, tisa, elfu, na kando yake shesh, sheva, tesha, elef. Waandikie damu na dam, nafsi na nefesh, yatima na yatom, kaburi na kever. Waliopita madrasa watakuwa wa kwanza kuona, tena wameshazoea kusoma kutoka kulia kwenda kushoto, na kwa mara moja wao ndio watakaowaelekeza wengine. Kuwa mwangalifu tu na maneno yanayofanana ila yana uzito tofauti: sadaka tunaitoa kwa hiari na huruma, lakini tsedaka ya Kiebrania imetokana na haki, na mtoaji anahesabiwa kuwa amelipa anachodaiwa.

Neno litakalokusumbua zaidi ni Pasaka, kwa kuwa Mkristo akilisikia anafikiria kufufuka kwa Yesu. Sema kila mara "Pasaka ya Kiyahudi", na wakumbushe kwamba kwa Wayahudi maandiko haya si "Agano la Kale" la kitabu kingine, bali ni Tanakhi kamili yenye Torati, Manabii na Maandiko, ambayo kwa mpangilio wake inaishia na Mambo ya Nyakati na si Malaki. Matsa waionje wote. Ila baraka za Sederi zisomwe kama andiko la kujifunza, pasipo kuigiza ibada, na lile Jina la herufi nne lisitamkwe; Wayahudi husema Adonai katika sala na HaShem katika mazungumzo, na karatasi yenye Jina hilo haitupwi jalalani.

Abayudaya wako na wasibaki wasomaji wa Kiebrania tu. Semei Kakungulu alipoanza kuifuata Torati mwaka 1919 hakuwa na rabi wa kumwelekeza. Alikuwa na Biblia na maswali yake, na jamii aliyoianzisha inaimba zaburi kwa Kiganda hadi leo. Mwalike mzee mmoja wa jamii hiyo aje aimbe moja, naye aulizwe maswali kama mwalimu yeyote.

Mwishoni mwa juma la pili, chukua karatasi kubwa ya manila, andika katikati aya moja tu, Kutoka 13:8, na kila jozi iandike kuizunguka swali, pingamizi au maelezo, wengine wakijibu maandishi ya wenzao. Wakimaliza, waonyeshe ukurasa halisi wa Talmudi, ulio katika nakala zilizochapwa (maandishi yake yamo pia katika maktaba huria ya Sefaria kwenye intaneti): andiko katikati, maelezo ya Rashi wa Troyes, mfafanuzi mashuhuri wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, upande mmoja, na waliokuja baada yake wakimpinga upande wa pili. Wataitambua karatasi yao. Wakati huo ndipo wanaojua Kiebrania wanaweza kuongezewa mistari mitatu ya Rashi, na wasiosoma vizuri watakuwa na maneno yao kwenye ukurasa ule ule.

Jambo la mwisho ni yule wa nne, na katika darasa la 34 utakuwa naye zaidi ya mmoja. Hagada inasema juu ya asiyejua kuuliza: at petah lo, wewe mfungulie. Neno at ni "wewe" la kike, ilhali kitenzi kinachofuata ni cha kiume, na wafafanuzi wamelishughulikia sana. Wengine husema mzazi anaagizwa aseme na mtoto huyo kwa upole wa mama. Kiswahili hakina "wewe" la kike, kwa hiyo itabidi uwaeleze. Ukishaeleza, shuka mpaka dawati la nyuma, mpe yule ambaye hajawahi kunyanyua mkono kipande cha matsa akishike, na uanze wewe kumsimulia.